Yah: Kodi

Bwana Lugusha aliingia na rasimu mfukoni,
karatasi ya daftari, mistari imepinda
kama reli inapoukaribia mji wetu wa Tabora.
"Nichapie vizuri, mwanangu. Inakwenda Dodoma."

UMOJA WA WENYE MAJENGO YA BIASHARA
Yah: Ombi la Kupunguziwa Kodi

Vidole vikasita juu ya neno hilo.
Kiswahili nacho kina ubahili wake:
inachotoza serikali ni kodi,
anachonitoza Lugusha, miezi sita kwa mkupuo,
nacho kodi.
Wageni wawili, jina moja,
na sufuria la kuwapakulia ni langu.
Basi kwa dakika nzima
niliichapa barua ile kama yangu.

Fremu thelathini na moja za Gongoni zimefungwa, iliandikwa,
panya wanapanga bure.
Jengo la ghorofa mbili la Isevya limeishia kwenye nondo,
nondo zimekuwa kamba za kuanikia.
Mzigo huu, Mheshimiwa, mwisho humshukia mpangaji.
"Mnyonge" niliongeza mimi.
Mpangaji mnyonge. Nikamwambia, hapo watalainika.
Nikamwona Kalunde na cherehani yake, fremu namba nne,
nikamwona Ntabaye anapuliza vumbi kwenye simu za watu,
nikajiona mimi, namba tisa, na mashine hii inayokohoa wino,
sote tumekunjwa mara tatu
tukaingia bahasha moja.

Walikwenda watano kwa treni ya usiku
na ndoo mbili za asali ya Sikonge, masega yanaelea juu.
"Si rushwa," alisema Bi Zuwena, "ni salamu.
Mtu haendi ugenini mikono mitupu."
Siku tatu kwenye korido,
viti bado vimevaa nailoni za dukani,
na kijana wa tai waliyemkodi awe mshenga wao
akiwafunda kama wari:
Msiseme tunaomba, semeni tunashauri.
Msiseme faida. Uwekezaji.
Semeni ajira. Rudieni.
Bi Zuwena, mwenye fremu kumi na saba
na mlinzi mmoja anayemdai mshahara wa miezi miwili,
akairudia ajira
kama mtoto wa chuoni na alifu yake ya kwanza.

Sijui ni barua, asali, au ile tai.
Mvua za masika zilipokatika, jibu likaja
na muhuri wa bluu: ombi limeridhiwa.
Kwa Lugusha kulipikwa pilau, sinia kwa sinia,
nasi wapangaji tukaitwa.
Tulikula. Tulipiga makofi.
Kalunde alipiga kigelegele mpaka sauti ikakwama,
kwani si alisikia kwa masikio yake mwenyewe
kwamba kodi imepungua?

Jumatatu, kabla sijamaliza kufagia kibaraza,
mwenyekiti akaja na karatasi nyingine ya daftari.
Yah: Marekebisho ya Kodi ya Pango
Kwa wapangaji wote, fremu namba moja hadi kumi na mbili.
Kutokana na kupanda kwa garama.
Nikairudisha ile h aliyoisahau.
Gharama.
Nikapanga aya, nikanyoosha pembeni,
kazi ni kazi,
na chini nikaacha nafasi ya sahihi yake.

"Nakala kumi na mbili, Mwenyekiti?"
"Kumi na moja," akasema.
"Wewe yako umeshaisoma."

Mashine ikakohoa. Karatasi zikatoka zina joto,
moja juu ya nyingine, kama chapati.
Nikamwambia ni mia mbili kila ukurasa,
elfu mbili na mia mbili.
Akashika kifua,
akainamisha kichwa upande, taratibu,
nadhani ndivyo alivyokaa kule kwenye korido,
akaniomba nimpunguzie.